Dawa Isiyochagua

Okoth mwanangu,

Umetoka kwenda Pap Onditi kunyolewa na kuwaaga watu, na dada yako amekupangia begi mara mbili tayari, kwa hiyo nyumba imetulia kidogo na mimi nimepata meza. Sina jipya la kukuambia kuhusu nguo, chandarua, wala kutafuta kanisa huko Kwale. Hayo umeshaambiwa mpaka nikaona macho yako yanasinzia. Mimi mwenyewe nimechoka. Mgongo unauma tangu palizi ya wiki iliyopita, na nikingoja niyaseme haya kesho tukiwa steji, najijua: nitakurekebishia kola, niseme safari njema, basi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Dholuo, kwa sababu ndiyo lugha utakayofanyia kazi. Watakuita bwana shamba, watakupa kiti, watakusikiliza. Wengi wao watatikisa vichwa kuonyesha wameelewa. Nataka kukuambia jambo moja kuhusu vichwa vile vinavyotikisika, na siwezi kukuambia bila kuanza na mimi.

Unajua nililelewa Kaloleni, mjini Kisumu, mlango kwa mlango na familia za Kiislamu zilizozungumza Kiswahili kutwa, na ndiyo maana Kiswahili changu kilikuwa kinawashinda walimu wangu. Nilipoolewa na baba yako na kuletwa hapa Nyakach, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya ngozi. Jembe sikujua kulishika. Wanawake wa hapa waliniita nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni, na haikuwa sifa. Msimu wangu wa kwanza nyanya yako alinituma kupalilia mtama ungali mchanga. Mtama ukiwa mdogo unafanana na nyasi. Nikang'oa mtama, nikaacha nyasi, nikarudi nyumbani nimejaa jasho na furaha. Nyanya yako alikwenda kuangalia, akarudi, akaketi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kijiji kizima kilijua kabla ya jua kuzama.

Msimu uliofuata nikachagua mahindi mazuri zaidi katika mavuno yetu, nikayatunza, nikayapanda. Kwenye pakiti ya mbegu tuliyonunua mwanzo paliandikwa "mbegu chotara". Nilikuwa nimelisoma neno hilo kwa sauti dukani, nikalitamka vizuri kuliko mwenye duka. Lakini sikujua, na sikuuliza, kwamba chotara ni mbegu iliyozaliwa na aina mbili tofauti, na nguvu yake ni ya msimu mmoja tu. Ukipanda watoto wake, kila mmoja anamfuata babu yake. Shamba lilitoka mahindi marefu, mafupi, mengine na magunzi matupu. Baba yako akaja kuangalia. Alizungukazunguka tu mle shambani, mikono nyuma.

Basi uelewe nilivyokuwa. Sikuwa na kitu chochote hapa ambacho wengine hawakunizidi, isipokuwa lugha. Kikundi chetu cha wanawake wakulima kilipoanza, na wageni wakawa wanakuja kutufundisha, nilichaguliwa kutafsiri. Mgeni anasema kwa Kiingereza, mimi nasema kwa Dholuo. Walioniona natupa mtama kando ya shamba sasa walikuwa wananitazama mdomoni. Nilikuwa navaa vizuri siku hizo. Nakumbuka hata kupaka viatu rangi.

Ulikuwa darasa la saba mwaka alipokuja afisa mmoja wa kilimo kutoka Kisumu. Sitataja jina lake, na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, anakaa Milimani, mtaa wa wenye mali, lakini gari lake lilikwama kwenye udongo wetu mweusi na akalisukuma mwenyewe pamoja nasi. Alikuja kutueleza habari za magugu. Alianza kwa kutaja gugu fulani kwa jina lake la kitabuni, akalitaja mara tatu, nami sikulijua. Nikawa nazunguka: ni mmea mbaya, unashika mizizi, unanyonya. Wanawake wakatazamana. Ndipo Mama Apiyo akainuka, akaenda kwenye mabua ya msimu uliopita, akarudi na mmea mmoja mkavu, akamwinulia afisa.

"Ni hii?" akauliza.

Afisa akasema ndiyo, ndiyo hiyo hasa. Ilikuwa kayongo. Kila mtu pale anaijua kayongo tangu utotoni, inayojishika kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya chini kwa chini. Wakacheka wote, na afisa akacheka. Mimi pia nikacheka, lakini masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Mwanamke ambaye hakufika darasa la nne alikuwa amefanya kazi yangu kwa mkono mmoja.

Mama Apiyo unamjua kama yule jirani wa upande wa mto asiyesema sana. Zamani alikuwa anasema. Mume wake alikufa Apiyo na mdogo wake wakiwa wadogo, naye akawa analima peke yake shamba la mumewe, ekari moja na kitu, bila ng'ombe wa kulima. Ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote kikundini.

Baada ya kayongo, afisa akatoa chupa ya dawa ya magugu. Akaeleza kwamba kuna dawa za aina mbili. Akaieleza ya kwanza vizuri. Kisha akaishika ile aliyokuja nayo, akasema ni ya aina ya pili, na akatumia neno refu la Kiingereza ambalo ukilivunja vipande linasema "isiyochagua". Akaendelea: vizibo viwili kwa pampu moja, ipulizwe magugu yakiwa mabichi, siku isiyo na mvua, na mtu afunike pua. Kwake yeye lile neno moja lilitosha. Anayelijua hahitaji kuambiwa zaidi.

Mimi vile vipande nilivielewa vyote. Neno lenyewe sikulielewa. Lakini nilikuwa nimeaibika mara moja asubuhi ile, na sikutaka mara ya pili. Nikasema bila kusita, yath ma ok yier puodho. Dawa isiyochagua shamba. Nikaongeza na ya kwangu, ambayo hakuna aliyeisema: kwamba iwe mahindi, iwe mtama, iwe maharagwe, dawa hii ni ya wote, inaondoa magugu tu.

Mama Apiyo akauliza, "Hata mtama ukiwa umesimama shambani?"

Okoth, afisa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anakunywa soda. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu. Nilimjibu Mama Apiyo mwenyewe, haraka, kama mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi.

"Hata ukiwa umesimama."

Chupa ilikuwa moja, ya majaribio. Kikundi kikakubaliana apewe yeye, kwa kuwa hana wa kumsaidia palizi. Tulimpigia makofi.

Sasa nikueleze maana ya neno lile, ingawa wewe umelisomea na utaniona nakufundisha kazi yako. Dawa inayochagua inaua aina fulani ya mimea na kuacha nyingine, kwa mfano inaua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi. Dawa isiyochagua inaua kila kitu chenye rangi ya kijani kinachoguswa nayo. Ndiyo ya kusafishia shamba kabla ya kupanda, wakati hakuna chako ndani. Haichagui maana yake haikujui wala haimjui adui yako.

Mama Apiyo alipuliza siku ya Alhamisi. Mtama wake ulikuwa umefika magotini, mzuri kuliko wetu. Siku tatu za kwanza hakukuwa na kitu. Siku ya tano majani ya katikati yakaanza kufifia. Baada ya siku kumi shamba lote lilikuwa rangi ya kaki, mtama na magugu pamoja, kimya, vimelala upande mmoja kama vimekanyagwa. Mvua ilikuwa inaendelea kunyesha, mvua nzuri ya mwaka mzuri.

Alikuja hapa nyumbani na bua moja mkononi. Hakuja kwa hasira. Alikuja kuniuliza, kama alivyozoea kuniuliza.

"Mama Okoth, ni nini nimefanya?"

Nililitazama lile bua. Hapo nilikuwa bado sijajua kwa hakika, hilo nakuapia, ila nilishaanza kushuku. Nikamwambia labda alizidisha dawa. Akafikiri. Akasema labda.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la pembejeo pale Pap Onditi, nikajifanya nataka kununua ile dawa. Msichana aliyekuwa anauza akaniuliza kama shamba langu lina kitu ndani. Nikasema lina mtama. Akairudisha chupa kwenye rafu. Akaniambia hii ni ya shamba tupu, mama, hii haiachi kitu. Alinieleza kwa maneno kumi na tano hivi, yale ambayo nilipaswa kumwuliza afisa. Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki zilikuwepo.

Sikumwambia Mama Apiyo. Siku ile nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema ngoja hasira za watu zipoe. Halafu shemeji yake, Mzee Owuor, akaanza kusema. Alisema mwanamke anayeua mtama kwa mkono wake mwenyewe hawezi kuachiwa ardhi ya ndugu yake. Msimu wa mvua fupi ulipofika, aliingiza ng'ombe wake mle shambani akalima, akapanda. Mama Apiyo hakubishana. Angebishana vipi? Yeye mwenyewe aliamini ni kosa lake. Akaacha kuuliza maswali kikundini, akawa anakaa nyuma, kisha akaacha kuja. Akawa analima vibarua. Amepalilia mashamba ya watu wengi hapa, Okoth. Amepalilia hata letu. Alikuwa anainama upande ule na mimi upande huu, tunakutana katikati ya mstari, na mimi natafuta la kusema, nasema jua ni kali leo.

Hata baba yako nilimficha. Niliendelea kutafsiri. Nilikuwa natafsiri vizuri zaidi kuliko zamani, nikisikia neno nisilolijua namwuliza mgeni pembeni, kimyakimya, watu wasione. Kumbe hata hapo nilikuwa nalinda jina langu. Miaka sita ikapita hivyo. Huwezi kuamini mtu anaweza kukaa na kitu miaka sita huku anaimba kwaya.

Aliyenitoa hapo ni wewe, na hujui.

Ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni, umekuja likizo. Tulikuwa tunakula mchana, wewe na baba yako mnazungumza masomo, ukasema mwalimu wenu aliwaambia kuna wakulima wanaopulizia mimea yao wenyewe dawa ya kuua kila kitu. Ukacheka. Ukasema, "Wakulima wengine hawana akili, Baba." Baba yako naye akacheka, akasema hata hapa kuna mmoja. Nikainuka nikaenda jikoni. Ulikuja nyuma yangu ukauliza kama ni moshi, nikasema ni moshi.

Sikukasirika na wewe. Ulisema kile ambacho kila mtu alikuwa akisema, na kila mtu alikisema kwa sababu mimi nilinyamaza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi mlangoni anabambua njugu za mtu. Nikaketi chini karibu naye, nikachukua njugu na mimi nikaanza kubambua, na nikiwa natazama mikono yangu nikamwambia. Nilimwambia neno lile sikulijua. Nilimwambia maana yake niliibuni, na kwamba ile dawa ingeua mtama wake hata angeipima vipi, na kwamba nilijua hivyo tangu wiki ile aliponiletea bua.

Mikono yake haikusimama.

"Kwa hivyo sikukosea kupima," akasema.

"Hukukosea."

"Sema tena."

"Hukukosea kupima, Mama Apiyo. Ulipima sawa."

Akasema, "Nilipima na kizibo. Vizibo viwili kwa pampu moja, vile yule bwana alionyesha. Hizo vizibo nimekuwa nikihesabu kwa kichwa miaka yote. Nikilala nahesabu. Najiuliza kama niliweka tatu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilifikiri nilikuwa nimemnyima mavuno ya msimu mmoja, na baadaye shamba. Sikujua kwamba nilikuwa nimemfanya ashuku mikono yake mwenyewe.

Hakuniambia amenisamehe, na mpaka leo hajaniambia. Alijifuta maganda kwenye nguo, akainuka, akasema twende kwa Owuor ukamwambie. Tukaenda, yeye mbele mimi nyuma. Mzee Owuor alitusikiliza akiwa amesimama. Akaniuliza mbona naja kusema leo. Nikamwambia nilikuwa nalinda jina langu. Akasema shamba limeshapandwa, na ng'ombe aliyelima ni wake. Mama Apiyo hakuondoka. Alirudia jambo moja tu, kwamba alipima sawa, na kwamba Owuor alichukua shamba kwa kusema hakupima sawa. Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe mzee akasema baada ya mavuno atamrudishia sehemu ya chini.

Sehemu ya chini ndiyo inayoshika maji. Alipewa nusu mbaya, na mimi nilijua ni nusu mbaya, na sikuwa na sauti ya kudai zaidi. Akapanda nduma, kwa kuwa nduma hupenda maji. Zinamlisha. Sehemu ya juu bado ni ya Owuor, na nikipita pale msimu wa mtama natazama barabara.

Jumatano ya wiki ile nilisimama kikundini nikayasema yote. Wengine walilia, mmoja alitoka nje. Nilidhani wataniondoa kwenye kutafsiri. Hawakuniondoa, ila hawakuniacha peke yangu tena, na hilo ndilo nataka uchukue uende nalo ikiwa utachukua kitu. Walikubaliana kwamba mgeni akimaliza kusema na mimi nikimaliza kutafsiri, hatuulizani kama tumeelewa. Mtu akiulizwa ameelewa, atasema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo mbele ya Mungu mwenyewe. Badala yake mmoja anasimama anaeleza kesho asubuhi atafanya nini shambani, hatua kwa hatua. Na anayemchagua huyo mmoja ni Mama Apiyo. Amerudi kikundini kwa kazi hiyo.

Anaifanya bila huruma. Majuzi tulifundishwa kuhusu siku za kungoja kwenye dawa ya wadudu ya nyanya. Mgeni akasema siku saba. Nikatafsiri, na safari hii neno nalijua kabisa, nikawa nimeridhika. Mama Apiyo akamsimamisha mama mmoja kijana, naye akaeleza kwamba akishapanda nyanya atangoja siku saba ndipo apulizie. Mgeni alishika kichwa. Siku za kungoja ni zile za kati ya kupulizia na kuchuma, ili mla nyanya asile dawa. Nilikuwa nimetafsiri sawa, neno kwa neno, na bado mtu angelishwa sumu. Sasa hebu fikiri wewe, na diploma yako, na Kiswahili chako cha Nyakach, mbele ya mzee wa Kwale anayekitazama kidole chako akijiuliza unasema nini.

Utakuwa na maneno mengi kuliko mimi. Mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, tindikali ya udongo, mzunguko wa mazao. Yote utayatamka vizuri, nimekusikia ukifanya mazoezi chumbani. Mimi pia nilitamka vizuri. Wao watakuwa na majina yao ya magugu na ya udongo ambayo chuo chako hakina, na kuna siku mwanamke fulani atainuka ainue mmea mbele ya watu, wacheke. Siku hiyo masikio yako yatawaka. Najua yatawaka kwa sababu ni masikio yangu. Dakika tano zinazofuata hapo ndizo ninazoziogopa, na ndizo zilizonifanya nikae kwenye meza hii badala ya kulala kidogo kama mgongo ulivyotaka.

Sitakuja huko kukusimamia. Sina nguvu za kukufuatilia kwa simu kila siku, na wewe ni mtu mzima. Ukirudi Desemba, kabla hujaniletea leso au halua, nenda upande wa mto umsalimie Mama Apiyo. Hataki kuombwa msamaha kwa lile ulilolisema ukila, hakulisikia. Msalimie tu, umwulize jambo la shamba ambalo kweli hulijui, na umwache akujibu mpaka amalize.

Nasikia sauti yako nje, unaongea na baba yako. Nitaikunja karatasi hii niiweke kati ya mashati, uisome ukifika.

Nenda, wuoda, mwanangu. Na mtu wa kwanza huko akikuuliza kitu usichokijua, mwambie hujui, ukiwa umesimama wima na watu wote wanasikia. Inachosha dakika moja. Mimi nilichagua njia nyingine, na uchovu wake ndio huu unaouona kwangu kila siku ukidhani ni wa jembe.

Ni mimi mama yako,
nyar Kaloleni.